Novena ya Mtu Aliye Hai

Santa Rita del Alto, 18 Machi 1994

Arnulfo mwanangu,

Mungu akubariki na akulinde huko Caracas. Kifua kinaendeleaje? Bado unakohoa unga wa hiyo bekari? Mimi ni mzima, ila magoti yananiuma kwa kusali kila jioni, na sababu yake ndiyo inayonifanya nikuandikie kabla ya siku yangu ya kawaida.

Wamemuua Daktari Barragán. Najua habari zimekufikia kabla ya barua hii, lakini nataka uzisikie kwangu pia. Jumapili tulikuwa uwanjani kwa Don Plutarco, wanaume wanacheza mchezo wao wa kurusha vyuma kwenye vifuko vya baruti na sisi tunauza viazi, redio ikatangaza kwamba mgombea wetu wa urais amepigwa risasi akiwa jukwaani na amefia njiani akipelekwa hospitali. Halafu redio ikanyamaza. Mvua za wiki hii zimeporomosha mlima juu ya barabara, zimeangusha nguzo za umeme, za simu na mlingoti wa redio. Tangu hapo hatujui dunia inasema nini.

Basi tumefanya kinachofanywa. Hana ndugu hapa, lakini alishakaa jikoni kwangu akanywa supu ya viazi, na hiyo inatosha. Jumatatu nilitandika altare sebuleni: kitambaa cheupe, picha yake tuliyoibandua ukutani shuleni, mishumaa, na glasi ya maji ili roho yake ikipita ipate cha kunywa. Mimi ndiye ninayesalisha novena, jioni zote tisa, kama ninavyowasalishia marehemu wote wa hapa. Nyumba inajaa hadi barabarani. Don Plutarco alisema, "Doña Hermelinda, angekuwa hai asingepata kura nyingi hivi." Akacheka peke yake, kisha akalia.

Sasa yako. Uliandika kwamba unataka kuja Pasaka. Usije. Wale waliokutisha kwa ile kadi ya misa ya marehemu yenye jina lako bado wapo kwenye mashamba ya juu. Aliyethubutu kusimama hapa uwanjani na kusema walimu waliofukuzwa kama wewe watarudi madarasani mwao alikuwa mmoja tu, na ndiye ninayemwashia mshumaa. Jana sokoni msimamizi wa mashamba hayo alinivulia kofia akaniuliza hali yako. Alinisalimia vizuri mno. Nikarudi nyumbani bila kununua kitunguu.

Leo ni jioni ya tano. Barua hii anaichukua mtu wa maziwa, anayevuka maporomoko kwa miguu.

Mama yako


Caracas, 29 Machi 1994

Mama mpendwa,

Nipe baraka yako. Mimi ni mzima, kifua kimetulia. Natumaini wewe pia, na wote wanaouliza habari zangu.

Mama, acheni! Daktari Barragán yu hai!

Redio ilikosea. Aliyefia njiani ni mlinzi wake, kijana aliyejitupa mbele yake. Daktari mwenyewe alipigwa chini ya mtulinga, risasi ikapita kwenye pafu, wakamfanyia upasuaji, na Jumanne tulimsikia kwa masikio yetu akiongea na waandishi. Sauti ilikuwa kama ya mtu aliyemeza mchanga, lakini ni yake. Nimepiga simu kila siku tangu hapo. Opereta ananijibu kwamba hakuna laini ya Santa Rita, kana kwamba mji wenyewe umefutwa.

Hata sisi huku tulimlilia siku mbili. Unajua tabia yangu ya kuandika kila kitu kwa tarehe. Jumapili ile nilikaa kitandani nikaandika kwenye shajara yangu yatakayofuata, mwaka kwa mwaka. 1994: msafara mkubwa wa mazishi, leso nyeupe madirishani, na atakayeshinda ni mtu asiyemkera mtu yeyote. 1995: barabara kuu mbili zinapewa jina la Barragán. 1996: wanaopokea kadi za misa hawasubiri tena kadi ya pili, wanahama na ya kwanza. 1997: mwalimu wa Santa Rita ni yule anayefundisha kuhesabu tu na haulizwi kitu kingine. 1998: mama anazeeka peke yake. Hapo kalamu ilinishinda.

Jumanne nilipitisha mstari juu ya ukurasa wote. Sikuuchana, kwa sababu nilitaka kuona jinsi miaka mitano inavyoonekana ikifutwa.

Nijibu haraka. Niambie kwamba hamjafika jioni ya tisa, kwamba altare bado haijaondolewa.

Mwanao


Santa Rita del Alto, 20 Aprili 1994

Mwanangu Arnulfo,

Mungu akubariki. Nashukuru kifua kimetulia. Hapa tu wazima sote, na sote tuna aibu.

Tulishamaliza. Jioni ya tisa nilizima mishumaa mmoja mmoja, nikakunja kitambaa, nikamwaga maji, na watu wote tukaiambia roho yake kwa sauti moja iende kwa amani na isigeuke nyuma. Keshokutwa yake barabara ikafunguliwa, na gari la kwanza likaleta gazeti lenye picha ya Daktari Barragán kitandani, anakula jeli kwa kijiko.

Sijawahi kuona watu wakisoma gazeti kimya namna ile. Halafu Don Plutarco akapasuka: "Mama msalishaji, umemzika rais mtarajiwa! Na mazishi yenyewe hayana maiti!"

"Redio ilikuwa ya nani?" nikamuuliza.

"Redio yangu ilisema amekufa. Haikusema uimwagie roho yake maji mlangoni!"

Tulicheka, lakini kicheko kilikwisha upesi. Doña Eduvigis, yule mshonaji, ndiye aliyesema tulichokuwa tukikificha. "Jioni tisa tumeiambia roho ya mtu iende. Yule ana tundu kwenye pafu. Ikitusikia je?" Arnulfo, nimesalisha miaka mingi, na sijawahi kumwona marehemu akirudi baada ya mimi kumuaga. Usiku huo sikupata usingizi.

Tulikwenda kwa Padre. Padre akasema sala haipotei, ile novena imemfaa mlinzi, basi tumwombee kijana huyo na tusahau mengine. Tukauliza jina lake. Anaitwa Wilmer Ochica, mama yake anauza mikate. Hilo tulikubali kwa moyo wote. Lakini picha tuliyoiwekea maji ilikuwa ya Daktari. Eduvigis akasema, "Kama tumemtoa kwa jioni tisa, tumrudishe kwa jioni tisa. Tuanzie ya tisa turudi hadi ya kwanza."

"Hakuna kitu kama hicho katika Kanisa," akasema Padre.

"Sasa kipo, Padre," nikamwambia, nikashangaa kinywa changu mwenyewe.

Tumeifanya. Tulianza kwa kufunua kitambaa nilichokikunja, tukasema njoo pale tuliposema nenda. Tulikosea maneno, tukacheka katikati ya litania, na Don Plutarco alisalisha rozari moja vibaya kuliko mtu yeyote niliyemsikia. Tumemaliza jana. Leo wametangaza kwamba Daktari ametoka hospitali.

Sisemi ni sisi. Lakini usiniambie si sisi.

Mama yako


Caracas, 27 Juni 1994

Mama mpendwa,

Nipe baraka yako. Je, hujambo? Magoti yamepona baada ya novena mbili?

Ameshinda! Kwa kura kidogo kuliko tulivyotumaini, lakini ameshinda. Wakolombia wote wa mtaa huu walijaa bekarini, mwenye bekari akagawa mikate bure, kisha akajuta akaanza kuiuza. Mzee mmoja wa Pasto alicheza dansi na mfuko wa unga.

Nimefungua ukurasa mpya kwenye shajara. Safari hii sikuandika yatakayotokea. Nimeandika aliyoyaahidi kwa kinywa chake, na la tatu ni walimu waliofukuzwa kurudi kazini chini ya ulinzi wa serikali. Ataapishwa Agosti. Nimeshaulizia nauli ya basi hadi mpakani. Mama, mwambie mwalimu mkuu asimpe mtu mwingine darasa la nne.

Mwanao


Santa Rita del Alto, 9 Machi 1995

Mwanangu,

Mungu akubariki. Najua kimya changu kimekuwa kirefu, na barua ulizoandika Septemba, Novemba na Krismasi zote ninazo. Si mgonjwa. Nilikuwa nasubiri kupata jambo zuri la kukuandikia.

Afisa alikuja Oktoba kuhusu walimu. Alikunywa kahawa, akaandika jina lako, akasema "mchakato". Hajarudi. Daraja alilotuahidi lina nguzo upande mmoja tu. Na Januari Barragán wako amempa uwaziri yule mwanasiasa anayekula chakula cha mchana kwenye mashamba ya juu kila Jumapili. Anasema anahitaji kura zake bungeni. Don Plutarco amesema, "Tungejua, tungemrudisha hadi jioni ya pili tu."

Picha yake niliitundika kando ya Moyo Mtakatifu wa Yesu. Tangu Agosti nimeibandua mara mbili na kuirudisha mara moja.

Ila nikuambie nilichokiona, kwa sababu kinanisumbua kichwani. Jumamosi palikuwa na mkutano kuhusu barabara. Watu walisimama mmoja mmoja wakamtukana rais, waziri, na wenye mashamba kwa majina yao. Eduvigis alimwambia msimamizi usoni, "Mifereji yako ndiyo imebomoa njia yetu, Don Saúl, na wewe unajua." Akakaa, akaendelea kushona. Hakuna kilichompata. Mwaka ule wewe ulipoondoka, watu walikuwa wakinong'ona hata wakinunua chumvi.

Lakini usije bado. Kutukana ni kitu kingine, na kulala usingizi ni kitu kingine.

Mama yako


Caracas, 2 Aprili 1995

Mama,

Baraka yako.

Uliniambia nisije alipokufa, hukuniambia nije alipofufuka, na sasa unaniambia nisije akiwa rais. Nina miaka thelathini na tatu. Nakanda unga wa watu.

Bekarini wapo wanaosema ingekuwa afadhali angekufa siku ile, angalau tungebaki na mtu wa kumlilia, na tungejua kwamba kila kilichoharibika ni kwa sababu walimuua. Jana nilisema hivyo na mimi.

Usinitafutie afisa mwingine.

Arnulfo, mwanao


Santa Rita del Alto, 14 Novemba 1995

Arnulfo,

Mungu akubariki, hata kama hukuomba vizuri. Nimekaa na barua yako miezi yote hii. Kila nilipoanza kujibu nilianza na matusi, nikaacha.

Leo nakujibu, kwa sababu nimeonana naye.

Alikuja jana kufungua daraja. Limekamilika upande mmoja, upande wa pili kuna mbao, lakini linavukika. Ni mwembamba kuliko kwenye picha, na bega la kushoto limeshuka. Walinzi walikuwa wengi. Alipomaliza hotuba akashuka kusalimia watu, na Don Plutarco akapaza sauti, "Mheshimiwa! Huyu hapa ndiye aliyekuzika!"

Nilitamani ardhi inimeze. Rais akasimama. Nikamweleza yote, altare, maji, jioni tisa za kwenda na tisa za kurudi. Akacheka mpaka akashika lile bega. "Kwa hiyo, mama, nina deni kwako?"

"Mimi nina mtoto," nikamwambia. "Mwalimu. Alipokea kadi ya misa yake mwenyewe. Ulisema hapahapa kwamba watarudi. Unanihakikishia kwamba akirudi hawatamgusa?"

Karani wake akaanza na ule mchakato wake. Rais akamnyamazisha kwa mkono. Kicheko kilikuwa kimemtoka.

"Siwezi," akasema. "Nitampa kazi yake, barua naisaini leo. Lakini kukuhakikishia siwezi, mama. Mimi mwenyewe nilipigwa risasi katikati ya askari arobaini. Nikikuambia naweza, nitakuwa nakudanganya."

"Basi ulipona kwa ajili gani?" nikamuuliza. Arnulfo, nilimuuliza hivyo rais wa Jamhuri, watu wote wanasikia.

Hakukasirika. Alisema, "Kila asubuhi najiuliza hivyo. Kuna kijana aliyekufa mahali pangu." Nikamwambia Wilmer Ochica tunamjua, tulimsalia. Akanishika mkono kwa mikono yote miwili, na wakamvuta kwenda kwenye magari.

Nilirudi nyumbani nimekata tamaa kabisa. Nimekaa jikoni, sijawasha hata moto, wakaingia bila kubisha: Eduvigis, Plutarco, mwalimu mkuu, mtu wa maziwa, wale waliokuwa wakija kwenye novena. Plutarco akasema, "Mzee kasema ukweli, hawezi. Sasa tuseme sisi tunaweza nini."

Wakapanga hapohapo, kama tulivyopanga zamu za kusalisha. Ukirudi hutatembea peke yako. Asubuhi watu wawili watakupitia mlangoni hadi shuleni, mchana wawili wengine watakurudisha, kila siku ya wiki na watu wake. Mtu wa maziwa kachukua Alhamisi. Eduvigis kasema atakaa na cherehani yake kwenye varanda ya shule, maana mwanga wa pale ni mzuri kuliko wa kwake. "Wakitaka kumgusa mmoja," akasema, "itabidi watuandikie kadi sote. Watamaliza karatasi."

Sasa nakujibu lile neno lako. Angekufa, Arnulfo, hawa wangejifunza kufunga milango, nami wa kwanza wao. Nilikuwa nimeshaanza, nilikimbia sokoni kwa sababu mtu kanivulia kofia. Huyu aliyepona hajatufanyia hata nusu ya aliyosema, na nikimwona tena nitamwambia. Lakini kwa sababu yupo wa kumgombeza, tumezoea kugombeza, na mtu aliyezoea kugombeza hanyamazi kirahisi. Sijui kueleza vizuri zaidi. Wewe ndiye mwalimu.

Barua ya kazi, aliyoniletea karani, imo humu, na saini yake. Zamu za majirani hazina saini.

Safari hii sikuambii usije. Wala sikuambii uje. Nimekuzaa, nisingeweza kuishi na neno hilo likienda vibaya. Amua mwenyewe.

Mama yako


Caracas, 10 Desemba 1995

Mama mpendwa,

Nipe baraka yako. Nisamehe kwa ile barua ya Aprili.

Naogopa. Nakuandikia kama ilivyo. Nilipokuwa nikingoja rais aniambie ni salama, uoga wangu ulikuwa na mahali pa kukaa, ulikaa kwake. Sasa amesema hawezi, na umerudi kwangu. Wiki hii nimeota nashuka kwenye basi pale uwanjani na hakuna mtu.

Nimeandika sababu za kubaki: mshahara, chumba, kikohozi ambacho hewa ya baridi ya huko itakizidisha, Don Saúl. Zote ni za kweli. Halafu nikajaribu kuandika 1996, 1997, 1998, kama nilivyofanya siku ile nilipodhani amekufa. Sikuweza. Sikuona kitu. Nilikaa na kalamu mkononi nikagundua kwamba mara ya kwanza niliona kila kitu wazi kwa sababu hakukuwa na kitu cha kuamuliwa tena.

Mwambie Eduvigis achague upande wa varanda usiovuja.

Sitakuandikia siku ya kufika, barua zinasomwa na wengi. Na usiniwekee chakula kila jioni. Nakujua.

Mwanao


Santa Rita del Alto, Jumatatu, 5 Februari 1996

Mwanangu Arnulfo,

Mungu akubariki. Kifua kinaendeleaje? Nauliza kwa mazoea, maana nakusikia ukikohoa upande wa pili wa ukuta, na tangu jana nimekuambia unywe maji ya moto ya sukari guru na hukunywa.

Nimezoea kukuambia mambo kwa karatasi, ndiyo maana nakuandikia na tuko nyumba moja. Kwa mdomo ningeanza kulia, na leo nataka kila mtu aone nyumba ya watu wenye kazi za kufanya.

Nguo zako nimepiga pasi. Arepa za mahindi ziko chini ya kitambaa, mbili zako na mbili za watakaokupitia, usile zote. Jana usiku mlinong'ona na mwalimu mkuu kuhusu taa za pikipiki iliyosimama upande wa juu wa kanisa. Niliiona. Plutarco naye aliiona, akaenda akamwuliza mwendeshaji kama amepotea, na akakaa kuongea naye kuhusu bei ya viazi mpaka yule akachoka akawasha akaondoka. Itarudi. Najua itarudi, na najua viazi haviishi kuzungumzwa.

Darasa la nne wako thelathini na mmoja. Wadogo kati yao hawakujui. Watakuuliza ulikuwa wapi. Waambie.

Nitabaki jikoni ukitoka, sitakuja mlangoni, usinitafute. Wa Jumatatu ni Don Plutarco na binti ya Eduvigis. Nawasikia wanapanda ngazi, Plutarco anagomba tayari na bado hajaona mtu wa kugomba naye. Fungua, usiwacheleweshe.

Mama yako